Mashine ya milingi ya karakana ya uani: jibu kwa fundi wa Mikindani

*Salamu, fundi mkuu. Mchana nimeajiriwa kwenye karakana ya boti, jioni na Jumapili nafanya kazi zangu mwenyewe uani, Mikindani, Mombasa, kwenye nyumba niliyopanga. Nina lethi ndogo ya kukereza na mashine ya kuchomelea. Sasa nataka mashine ya milingi, ile ya kukata chuma kwa kikatio kinachozunguka. Kazi zinazonijia ni mifereji ya kii kwenye shafti za rafadha, flenji za kapling, mabano ya injini na vipuri vya tuktuk. Nimekusanya laki sita. Nimeonyeshwa vitu vitatu: kimashine kipya cha mezani cha kilo 60, mashine kubwa kuukuu ya aina ya Bridgeport, iliyotoka kwenye kiwanda kilichofungwa Changamwe, na rafiki yangu anasema nisipoteze pesa, nifunge jiliwa la kusogea pande mbili chini ya drili ya kusimama. Stima yangu ni ya tokeni, fezi moja. Ninunue ipi?*

Ndugu yangu, kwa kazi ulizotaja na mahali ulipo, mimi nisingenunua hata moja kati ya hizo tatu. Ningetafuta ya nne, ambayo hakuna aliyekuonyesha: mashine ya mezani ya kilo 250 hadi 300 na ushei, yenye nguzo bapa ya reli za mshazari, spindo (mhimili unaozungusha kikatio) yenye koni ya R8, na mota ya fezi moja ya kilowati 1.1 hadi 1.5. Hiyo Bridgeport ni mashine bora kuliko hii ya nne. Nalisema mapema ili usidhani naidharau. Kilichonifanya niiweke kando ni jambo ulilolitaja kwa kupita tu: umepanga.

Tuanze na ushauri wa rafiki yako, maana ndio mfupi kuumaliza. Drili imeundwa kusukuma chini. Beringi zake zinategemea nguvu itoke juu, na chaki yake, kile kishikio cha drili, imekaa kwenye koni fupi isiyoshikwa na kitu ila msuguano. Ukipeleka kikatio pembeni, jino linapiga, linaachia, linapiga tena, mamia ya mara kwa dakika, na mtikisiko huo ndio unaoilegeza koni. Chaki inadondoka huku inazunguka, na endimili, yaani kikatio chenyewe cha milingi, iko ndani yake. Hata isipodondoka, meno matatu ya chaki hayaishiki vizuri shingo ya endimili, ambayo ni ngumu na nyororo. Mzungusho wa mitaro ya endimili unaivuta kuelekea kwenye kazi, inateleza kidogo kidogo, na mfereji uliotaka uwe na kina cha milimita 4 unaukuta una 4 mwanzoni na 5 mwishoni. Mteja wa boti hakulipi kwa hilo.

Kama pesa isingekuwepo kabisa ningekwambia utafute slaidi ya wima ya kufunga kwenye lethi yako. Spindo ya lethi angalau inajua kubeba nguvu za pembeni, na mifereji midogo itatoka, polepole. Lakini una laki sita, tusonge mbele.

Kile cha kilo 60, kwa maelezo yako, ni cha ukoo wa Sieg X2, kimashine cha Kichina kinachouzwa duniani kote kwa rangi na majina tofauti. Si kibaya kwa mtu anayeunda injini ndogo za mvuke za kuchezea au vipuri vya vyombo vya kupimia. Nguzo yake imeshikwa chini kwa nati moja kubwa ili iweze kulazwa upande, na hapo ndipo ulegevu unapoanzia. Kila nguvu ya kikatio inapanda kwenye nguzo hiyo na kuishia kwenye nati ile.

Chukua kazi yako mwenyewe uone. Shafti ya milimita 35 inataka kii, kile kipande cha chuma kinachofunga shafti na flenji zizunguke pamoja, ya milimita 10 kwa 8, na mfereji wake kwenye shafti unakwenda chini milimita 5. Kwenye chuma cha kawaida, endimili ya haispidi (HSS, chuma cha zana) inapenda mwendo wa mita 25 hivi kwa dakika kwenye ukingo wake. Ukipiga hesabu, kikatio cha milimita 8 kinazunguka karibu mara 1,000 kwa dakika. Kwenye stenlesi ya 316, ambayo bila shaka unakutana nayo sana kazini, teremsha hadi 600. Mashine ya kilo 300 itachukua milimita moja na nusu au mbili kwa kila mkato bila kulalamika. Mikato mitatu, minne, kina kimefika. Kile kidogo kitachukua nusu milimita, tena kwa kubembelezwa. Tatizo ni kwamba stenlesi haitaki kubembelezwa. Kikatio kikisugua bila kukata, uso wake unazidi kuwa mgumu, mkato unaofuata unakutana na huo ugumu, na endimili ya pesa nyingi inakufa kabla ya mfereji kuisha.

Nimetaja kikatio cha 8 kwa mfereji wa 10 makusudi. Ukichimba kwa kikatio kilicholingana na upana wenyewe, kinasukumwa upande, mfereji unatoka mpana kuliko kii na kuta zake zimeinama. Chimba katikati kwa 8, kisha nyoa kuta moja moja mpaka kii iingie kwa kugongwa kidogo na nyundo ya mpira. Sasa kunyoa kuta namna hiyo kunahitaji mashine isiyoyumba. Kwa hiyo unaponiuliza kuhusu mashine, naanza na uzito wake kabla ya kuuliza nguvu za mota. Mota ya kilowati 1 kwenye kilo 60 za chuma itakupa kelele zaidi tu.

Sasa hiyo ya Changamwe. Muundo wake ulitoka Bridgeport, Connecticut, Marekani, mwaka 1938, baadaye ukaundwa pia Leicester, Uingereza, na umeigwa Taiwan, India, Uhispania na kwingine. Kwa hivyo jina lililobandikwa kichwani halikwambii mengi, hali ya chuma ndiyo itakayokwambia. Nenda mchana, beba tochi, daili geji (kipimo cha sindano) yenye kitako cha sumaku, spana moja, bisibisi pana na kitambaa. Usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia kwa sababu tu mashine imepakwa rangi mpya. Rangi mpya kwenye mashine kuukuu ndiyo sababu ya kuangalia mara mbili.

Anza na goti, ile sehemu inayopanda na kushuka ikibeba meza. Lipandishe juu kabisa, futa reli zake za wima, mulika kwa tochi kwa pembeni. Kwenye reli zilizokwanguliwa kwa mkono kiwandani utaona alama ndogondogo za nusu mwezi. Zikiwa zipo juu na chini lakini katikati pamekuwa laini na panang'aa, ujue mashine imekula umri wake hapo. Kisha njoo kwenye meza. Isogeze katikati, kaza gibu, ule ukanda unaobana reli, mpaka mpini uanze kuwa mzito kidogo, halafu ipeleke kulia mpaka mwisho, na kushoto mpaka mwisho. Ikikwama kabla ya kufika mwisho, reli zimelika katikati, kwa sababu ndipo kazi zote zilipofanyikia miaka yote hiyo. Kasoro hiyo huiondoi kwa kukaza chochote. Ni kazi ya kusawazisha reli upya, na hiyo hugharimu karibu sawa na mashine yenyewe.

Plei ya skrubu, yaani ulegevu wake, si jambo la kukutisha sana. Shika mpini, zungusha mpaka meza ianze kutembea, geuza, soma kwenye daili ya mpini umezunguka bure kiasi gani kabla meza haijatembea tena. Sehemu mbili za kumi za milimita, sawa. Nusu milimita, nati imekwisha, lakini nati ni kipuri unachoweza kukipata au kukereza mwenyewe kwa gunmeto (aina ya shaba) kwenye lethi yako. Mashimo ya drili kwenye uso wa meza hayanisumbui hata kidogo, ingawa wengi hukimbia wakiyaona. Ni aibu ya mwenye mashine wa zamani, usahihi wa kazi hauathiriki.

Spindo iwashe mwendo wa juu dakika ishirini, kisha weka kiganja karibu na beringi za chini. Uvuguvugu ni kawaida. Ikiwa huwezi kuacha mkono hapo, beringi zinaomba kubadilishwa. Weka ncha ya daili geji ndani ya koni ya spindo, zungusha kwa mkono: sindano isitembee zaidi ya sehemu moja au mbili za mia za milimita. Na uliza pampu ya grisi au oili ya reli kama inafanya kazi. Mashine nyingi za viwandani huku kwetu zilikufa kwa njia za oili zilizoziba, hakuna aliyejisumbua kuzizibua.

Tuseme imepita yote. Sasa soma kibao cha mota. Huku kwetu stima ya fezi tatu ni volti 415, na wewe una fezi moja ya 240. Kibao kikiwa na 240/415 pamoja na alama za pembetatu na nyota, una bahati: mota inafungwa kwa pembetatu, na invata ndogo inayopokea fezi moja inaitolea fezi tatu za volti 240. Kikiwa na 415 ya nyota peke yake, na mota ina nyaya tatu tu zinazotoka nje, itabidi ifunguliwe na fundi wa kusuka mota kutafuta kama nyaya sita zinaweza kutolewa, au ununue mota nyingine. Kikiwa na 415 ya pembetatu peke yake, kutoa nyaya hakutasaidia, ni kuisuka upya au kununua nyingine. Mota za mwendo wa aina mbili kwa swichi zinasumbua zaidi, ningeziruka. Angalia pia sanduku la swichi. Mashine za Kiingereza mara nyingi zina transfoma ndogo inayotoa 415 kwenda 110 kwa ajili ya kontakta, na hiyo haitaamka kwa stima yako. Ukiweka invata, ondoa ile swichi ya zamani ya mbele na nyuma. Kati ya invata na mota pasiwe na swichi yoyote, amri zote zipite kwenye invata yenyewe, la sivyo utaichoma siku ya kwanza utakayogeuza mwendo.

Kuna njia ya kuomba fezi tatu kutoka Kenya Power, lakini hiyo inamhusu mwenye nyumba, si wewe. Na hapo ndipo naporudi kwenye upangaji. Mashine hii ina uzito wa karibu tani moja na urefu unaozidi mita mbili kidogo. Pima dari ya mabati yako kwanza. Mkokoteni unabeba mifuko kumi ya saruji kwa sababu imelala chini na imegawanyika. Hii mizigo yake yote iko juu na inapinduka kwenye kamlima kadogo tu, na Mikindani unaijua ilivyo. Wanaojua kuihamisha huteremsha goti hadi chini, hurudisha mkono wa juu ndani, kisha huzungusha kichwa kizima mota ielekee sakafuni, ndipo wanaisukuma juu ya mabomba. Inawezekana, nimeona ikifanyika uchochoroni penye nafasi ya bega tu. Lakini utataka sakafu ya zege ya kama inchi sita, utaimwaga kwa pesa yako kwenye uwanja wa mtu, na siku akiuza nyumba au mkikosana juu ya kelele za usiku, utaanza upya na tani moja mkononi. Ungekuwa kwako, na mashine ikapita mitihani hiyo, ningekwambia ichukue kesho asubuhi.

Hii ya nne ninayokushauri inafunguka vipande: kichwa, nguzo, meza, kitako. Watu wanne na kreni ya kuinulia injini, ile ya gereji, wanaiingiza kwenye mlango wa kawaida mchana mmoja, na siku ya kuhama inatoka vilevile. Muundo uliosambaa unaitwa RF-45, kwa jina la kampuni ya Rong Fu ya Taiwan iliyoutangaza. Wachina wengi wanaunakili. Usiuchanganye na kaka yake RF-30, ambao una nguzo ya mviringo. Huo wa mviringo ni rahisi na unauzwa sana, lakini ukipandisha au kuteremsha kichwa kinazunguka kwenye nguzo, na unapoteza mahali ulipokuwa. Umetoboa tundu kwa drili ndefu, sasa unataka kuweka endimili fupi, unateremsha kichwa, na tundu halipo tena chini ya spindo. Kila mara unaanza kutafuta kitovu upya. Kwa flenji zenye matundu sita hilo litakuchosha roho.

Spindo, ng'ang'ania R8. Wauzaji watakupa pia MT3 na wakati mwingine ISO30. MT3 inafanya kazi, ila koni yake ni ndefu na nyembamba, inang'ang'ania, na kila ukibadilisha kikatio unagonga bolti ya juu kwa nyundo. Vipigo hivyo vinapita kwenye beringi. R8 inaachia kwa kugongwa kidogo, inashika koleti, vile vishikio vya vikatio, hadi milimita 20, na ndiyo ya Bridgeport nyingi, kwa hivyo zana zake zimejaa sokoni hata mitumba. Uzi wa bolti yake ya juu ni 7/16 kwa nyuzi 20. Ukiona bolti ya milimita kwenye mashine inayodaiwa kuwa R8, uliza zaidi.

Mwendo wa spindo, tazama wa chini kabisa kabla ya wa juu. Kikatio cha kusawazisha uso cha milimita 50 chenye jino la haispidi kinataka mizunguko kama 160 kwa dakika. Mashine za gia zinafika huko zikiwa na nguvu zote. Zile za kurekebisha mwendo kwa kitufe cha elektroniki zinafika pia, lakini nguvu nyingi zimebaki njiani, na kadi zake za elektroniki hazipendi stima inayopanda na kushuka. Gia zinapiga kelele, ni kweli. Mimi naona afadhali kelele ninayoweza kuirekebisha kwa spana kuliko ukimya unaosubiri kadi kutoka ng'ambo. Kwa vyovyote vuta laini yake peke yake kutoka kwenye kisanduku cha stima, na waya wa ardhi wa kweli, usiitegemeze kwenye soketi moja na friji ya mama watoto.

Kununua: ukimpata muagizaji wa hapa aliyenayo dukani, lipa kidogo zaidi uone unachonunua. Ukiagiza mwenyewe, una faida ambayo fundi wa Nairobi hana, mzigo unashuka Kilindini. Hakikisha hati ya usafirishaji imeandika Mombasa ndio mwisho wa safari, maana wakala wa huko akiandika Nairobi kwa mazoea, mzigo utakupita kwenda Embakasi na utalipia kuurudisha. Mwambie wakala wako wa forodha kwamba mashine za milingi ziko chini ya namba 8459, tofauti na lethi, na akupe kwa maandishi hesabu yote: VAT ya asilimia 16, ada ya tamko la uagizaji, tozo ya reli, na gharama za bohari ya kontena. Muuzaji akikupa bei ya "mpaka bandarini", hizo zote bado. Cheti cha ubora cha KEBS, shirika la viwango, hutafutwa kabla mzigo haujapakiwa, si baada ya kufika. Pia husomwa mara kwa mara matangazo ya mnada wa forodha kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, ambamo mashine zisizochukuliwa na wenyewe huuzwa. Huko bei huweza kuwa nzuri, lakini mara nyingi huruhusiwi kuiwasha.

Pesa zako zigawe hivi: mashine isizidi laki nne ikiwa imeshafika mlangoni, na laki moja na nusu iwe ya zana, usiiguse kwa lingine lolote. Inayobaki ni ya stima na kitako. Vijana wengi humaliza fedha zote kwenye mashine, halafu wanafunga kazi kwa vipande vya mbao na bolti. Jiliwa zuri la milimita 125 la chuma cha kusubu ndilo la kwanza. Halafu koleti, seti ya vibano vya kufunga kwenye mifereji ya meza, jozi za paralali (vipande sambamba vya kuinulia kazi kwenye jiliwa), daili geji, na endimili za 6, 8, 10 na 12, za meno mawili kwa mifereji na manne kwa kuta. Meza ya kuzungusha inaweza kusubiri mwaka. Kisomaji cha kidijitali kwenye mihimili miwili ningekinunua mapema kuliko watu wanavyoshauri, kwa sababu kinakuonyesha meza ilipo hasa bila kujali plei ya skrubu. Plei yenyewe haiondoki. Bado ukilisha kazi upande mmoja na mzunguko wa kikatio, kitaivuta meza kwa ghafla. Lisha dhidi ya mzunguko mpaka uizoee mashine.

Na hao watu wa Changamwe, hata usipochukua mashine yao, waulize kuhusu kabati. Kiwanda kikifungwa kila mtu hukimbilia mashine kubwa, na majiliwa, vichwa vya kugawanyia na masanduku ya endimili huishia kuuzwa kwa kilo pamoja na vyuma chakavu.

Kabla ya kuchimba mashimo ya bolti sakafuni, fikiria shafti yenyewe. Shafti ya rafadha ya mita mbili hulala kando ya urefu wa meza, na meza inasogea. Ukiweka mashine kwenye kona, kama kila mtu anavyofanya ili kuokoa nafasi, shafti itagonga ukuta kabla mfereji haujafika nusu. Iweke ili mhimili mrefu wa meza uelekee mlangoni, na upande wa pili toboa kidirisha kwenye mabati sawa na kimo cha meza. Ncha inayotoka nje itegemeze kwenye kisimamo chenye gurudumu, isije ikaning'inia na kuinua shafti kwenye jiliwa. Kitako cha mashine kiwe cha chuma kizito, si meza ya mbao, na ukiweza kijaze zege ndani.

Ikifika, isafishe grisi ya safari kwa mafuta ya taa, na usiiwashe kabla ya kufungua kifuniko cha gia. Mchanga wa kusubia hubaki ndani ya vichwa vya mashine za bei hizi. Osha, weka oili mpya, iendeshe saa chache bila mzigo, imwage, weka nyingine. Halafu funga daili geji kwenye spindo na izungushe juu ya meza kwa duara la milimita 200 hivi. Sindano isibadilike zaidi ya sehemu mbili au tatu za mia. Ikibadilika, kichwa hakijasimama wima, na kila uso utakaousawazisha utatoka na vingazi.

Kutu ndiyo adui atakayekutafuta kila usiku, kwa chumvi ya hewa yetu. Alama ya vidole vyenye jasho inaonekana kwenye meza asubuhi. Tumia oili ya reli ya daraja la 68, ile inayonata, usitumie oili chafu ya injini, maana ina masizi na asidi. Funika kwa shuka kuukuu la pamba iliyoguswa na oili. Karatasi ya nailoni inafungia unyevu ndani na kufanya mambo kuwa mabaya zaidi. Ukikata kwa maji ya kupozea yaliyochanganywa na oili, ng'oa jiliwa angalau mara moja kwa wiki na upanguse chini yake, hapo ndipo maji hujificha. Kwa alumini, tone la mafuta ya taa linatosha, na brasi ikate kavu. Na kwa kuwa ni uani kwako na ni jioni, usije ukaisogelea ukiwa umejifunga kikoi, wala usivae glavu karibu na spindo inayozunguka. Kitambaa kikishikwa, mkono unafuata.

Kuna kazi moja uliyoitaja ambayo mashine hii haitaifanya, nayo ni mfereji wa kii ndani ya tundu la flenji. Endimili haiwezi kukata kona za mraba ndani ya tundu la milimita 35. Itumie lethi yako: funga flenji kwenye chaki, zuia spindo isizunguke, weka kisu chenye upana wa kii kikiwa kimelala, na usukume gari la lethi kwa mkono mbele na nyuma, ukiongeza sehemu tano za mia kila mpito. Mkono utachoka lakini mfereji utatoka sawa. Flenji zikianza kuwa nyingi, nunua brochi, visu vya meno mengi, za kusukumwa kwa presi, na uanze na za 8 na 10, kwa sababu hizo ndizo kii za shafti za milimita 22 hadi 38.